Kungoja maunzi bila kubahatisha: mwongozo wa ucheleweshaji katika draiva za Linux

Draiva (programu ya kerneli inayoendesha kifaa) inayofanya kazi leo na kukwama kesho mara nyingi ina kasoro moja: imeidai chipu jibu kabla haijawa tayari, au imengoja kwa njia isiyofaa mahali ilipo. Dalili zake zinajulikana. Kifaa kinaonekana ukiwasha mara ya pili tu, au kinarudisha sifuri tupu, au kinapona ghafla ukiongeza mstari mmoja wa `printk`, fungsheni ya kerneli ya kuandika ujumbe. Watu wengi hapo huchomeka `mdelay(100)`, yaani ngoja milisekunde 100, na kuendelea na safari. Usifanye hivyo. Namba ya kubahatisha haiondoi kasoro, inaihamishia kwenye bodi nyingine yenye prosesa ya kasi tofauti, au kwenye chipu ya kundi jingine iliyotoka kiwandani ikiwa na saa ya ndani ya polepole zaidi.

Mifano yote hapa ni ya kerneli ya Linux na lugha ya C.

Hatua ya 1: Tafuta namba, kisha ujue ni namba ya aina gani

Fungua karatasi ya data ya chipu, nenda kwenye jedwali la nyakati. Utakuta safu za thamani ya chini, ya kawaida na ya juu. Ile ya kawaida haikuhusu unapopanga kikomo. Chukua flashi ya W25Q128JV: kufuta sekta ya KB 4 huchukua kwa kawaida milisekunde 45, lakini kiwanda kinaruhusu hadi 400. Draiva iliyokata tamaa kwenye milisekunde 100 itapita majaribio yote mezani, halafu ianze kuripoti hitilafu chipu ikizeeka.

Kisha jiulize namba hiyo inamfunga nani. Ipo inayokufunga wewe kwa chini, kama upana wa mpigo wa kureseti: ukizidisha hakuna ubaya. Ipo inayoifunga chipu kwa juu: itamaliza kazi kabla ya muda fulani, nawe unaruhusiwa kungoja zaidi. Na ipo inayokufunga wewe kwa juu, yaani ukichelewa umekosa data. Hii ya tatu ndiyo ngumu, na ina hatua yake huko chini.

Soma pia masharti yaliyoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jedwali. Kiwambo cha HD44780, kile cha LCD chenye mistari miwili ya herufi, kinasemekana kumaliza amri nyingi kwa mikrosekunde 37 na amri ya kufuta kiwambo kwa milisekunde 1.52. Namba hizo ni za saa ya ndani ya kHz 270. Karatasi yenyewe inaruhusu saa hiyo ishuke hadi kHz 190. Piga hesabu: 37 × 270 ÷ 190 ni karibu mikrosekunde 53, na kufuta kunafika milisekunde 2.16. Anayeandika `udelay(37)` anategemea bahati. Weka mikrosekunde 60 na milisekunde 2.5, kisha andika hesabu hiyo kwenye maoni ya msimbo ili atakayekuja baada yako asiipunguze.

Hatua ya 2: Jua msimbo wako unakimbilia wapi

Kabla ya kuchagua fungsheni, jibu swali moja: hapa pananiruhusu kulala? Kulala maana yake ni kuiachia prosesa ifanye kazi nyingine hadi muda uishe. Huruhusiwi kulala ndani ya kishughulikia kikatizo (fungsheni inayoitwa kifaa kinapoikatiza prosesa kwa ishara), ukiwa umeshika spinloki (kufuli linalongojewa kwa kuzunguka bila kulala), ndani ya kipima muda cha kerneli, wala kati ya `rcu_read_lock` na `rcu_read_unlock`, yaani eneo la kusoma data inayoshirikiwa. Unaruhusiwa ndani ya `probe`, `remove`, `suspend` na `resume` za kawaida (zinazoitwa kifaa kinapopatikana, kinapoondolewa, mfumo unapolala na unapoamka), kwenye uzi wa kerneli, kwenye foleni ya kazi, na ukiwa umeshika muteksi, kufuli linaloruhusu kulala.

Ugumu uko kwenye fungsheni ya katikati, ile inayoitwa na wengi. Leo inaitwa kutoka `probe`, mwakani mtu ataiita akiwa na spinloki. Washa `CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP` kwenye kerneli yako ya majaribio. Bila chaguo hilo kosa linaweza kukaa kimya miezi mingi. Ukiwa nalo, `dmesg` inakuambia waziwazi `BUG: sleeping function called from invalid context` pamoja na mlolongo wa fungsheni zilizokufikisha hapo.

Ukijikuta unahitaji kungoja milisekunde kadhaa huku umeshika spinloki, usitafute namna ya kungoja humo. Badilisha muundo: tumia muteksi, au achia kufuli kwanza, au hamishia kazi kwenye uzi wa kikatizo kwa `request_threaded_irq`.

Hatua ya 3: Chagua fungsheni kwa ukubwa wa muda

Pasipo ruhusa ya kulala una `ndelay`, `udelay` na `mdelay`. Zote zinaizungusha prosesa bure hadi muda utimie. `udelay` inafaa mikrosekunde chache hadi makumi. Ukiipa namba kubwa isiyobadilika, mfumo wa kujenga kerneli unakukatalia: kwenye ARM ya biti 32 mpaka ni milisekunde 2, na kosa unalolipata ni la kuunganisha, lenye jina `__bad_udelay`. Usilikwepe kwa kuandika kitanzi cha `udelay`. Kosa hilo linakueleza kwamba umechagua chombo kisicho chake.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba `udelay` inaweza kurudi mapema kidogo. Maelezo ya kerneli yenyewe yanataja sababu: makadirio ya mizunguko yaliyofanywa kerneli ilipowaka yanaweza kuwa ya chini, tabia ya kashe inaathiri kasi ya kitanzi, na kasi ya prosesa inaweza kubadilika njiani. Basi pale karatasi inaposema mikrosekunde 10 kamili kwa uchache, andika 12 au 15.

Palipo na ruhusa ya kulala, gawa hivi:

- Chini ya mikrosekunde 10 hivi: `udelay`. Gharama ya kulala na kuamka ni kubwa kuliko muda wenyewe.
- Kuanzia mikrosekunde 10 hadi milisekunde 20: `usleep_range(chini, juu)`.
- Zaidi ya hapo: `msleep`.

Tangu Linux 5.8 ya mwaka 2020 ipo pia `fsleep(mikrosekunde)`, inayojichagulia mojawapo ya hizo tatu. Ni nzuri kwa msimbo wa kawaida, ila inalala, kwa hiyo sharti la hatua ya 2 liko palepale.

Kwa nini `msleep` isitumike kwa muda mfupi? Kwa sababu inahesabu kwa jifi, yaani mapigo ya saa ya kerneli. Kerneli yenye `HZ=100` ina pigo moja kila milisekunde 10, hivyo `msleep(1)` inaweza kukulaza hadi milisekunde 20. Ukiiweka ndani ya kitanzi cha kuandika kurasa 500 za kumbukumbu, sekunde 10 zimepotea bure. Kwenye kompyuta yako yenye `HZ=1000` hutaona tofauti kubwa. Mteja mwenye bodi ndogo ndiye atakayeiona.

Kwenye `usleep_range`, usiweke chini na juu sawa. Pengo kati ya namba hizo mbili ndilo linaloiwezesha kerneli kukuamsha pamoja na wengine badala ya kuandaa kikatizo chako peke yako. `usleep_range(1000, 1500)` ni adabu njema. `checkpatch.pl`, hati ya kukagua msimbo wa kerneli, italalamika ukizifananisha, na matoleo yake ya zamani yalilalamika pia kwa `msleep` ya chini ya milisekunde 20.

Hatua ya 4: Hakikisha amri imefika kabla ya kuanza kuhesabu

Hapa ndipo kasoro nyingi zinapojificha. Msimbo huu unaonekana sahihi:

```c
writel(RESETI_WASHA, msingi + REJ_RESETI);
udelay(10);
writel(RESETI_ZIMA, msingi + REJ_RESETI);
```

Kwenye PCI na mabasi mengi ya ndani ya chipu (basi ni njia ya data kati ya prosesa na kifaa), `writel` haingoji uandishi ufike kwenye kifaa. Prosesa inaukabidhi kwa basi na kuendelea. Maandishi yote mawili yanaweza kukaa kwenye bafa ya njiani, kisha yakafika kwa kufuatana, na mpigo wa kureseti ukawa wa nanosekunde chache badala ya mikrosekunde 10. Ukiongeza muda wa `udelay`, huenda ukapona au usipone, kwa kuwa tatizo si muda.

Tiba ni kusoma kutoka kifaa kilekile:

```c
writel(RESETI_WASHA, msingi + REJ_RESETI);
readl(msingi + REJ_RESETI);   /* sukuma uandishi hadi kwenye kifaa */
udelay(10);
writel(RESETI_ZIMA, msingi + REJ_RESETI);
```

Kerneli inahakikisha kwamba `readl` imekamilika kabla ya kitanzi cha ucheleweshaji kinachofuata kuanza. `readl_relaxed` haina ahadi hiyo, kwa hiyo usiitumie hapa. Na kama rejista yako (hifadhi ndogo ndani ya kifaa) hubadilika inaposomwa, mfano zile zinazofuta bendera za kikatizo, soma rejista nyingine isiyo na madhara kwenye kifaa hichohicho.

Kwenye I2C na SPI, mabasi ya waya chache ya kuunganishia chipu, hali ni nyepesi: `i2c_transfer` na `spi_sync` zinarudi baada ya biti kupita kwenye waya. `spi_async` hairudi hivyo. Na kama SPI inahitaji pengo baina ya vipande vya ujumbe mmoja, liweke kwenye sehemu ya `delay` ya `spi_transfer`, usikate ujumbe vipande ili uchomeke `udelay` katikati.

Hatua ya 5: Iulize chipu, usingoje kwa upofu

Chipu nyingi zina biti inayosema nina kazi au nimemaliza. Tumia hiyo. Flashi iliyotajwa juu ina biti ya 0 ya rejista ya hali, inayosomwa kwa amri 05h. Ukiiuliza, utamaliza kwa milisekunde 45 mara nyingi na bado utaivumilia ile inayochukua 400.

Kwa rejista zilizo kwenye anwani za kumbukumbu usiandike kitanzi chako. `linux/iopoll.h` imeshakuandalia:

```c
u32 hali;
int ret;

ret = readl_poll_timeout(msingi + REJ_HALI, hali,
                         hali != ~0U && (hali & TAYARI),
                         100, 50000);
if (ret) {
        dev_err(dev, "haikuwa tayari, hali=%#x\n", hali);
        return ret;
}
```

Inasoma, inalala hadi mikrosekunde 100, inasoma tena, na kwenye mikrosekunde 50,000 inarudisha `-ETIMEDOUT`. Mahali pasipo na ruhusa ya kulala ipo `readl_poll_timeout_atomic`. Wanaotumia regmap, maktaba ya kerneli ya kufikia rejista, wana `regmap_read_poll_timeout`. Ile `hali != ~0U` ina sababu yake: kifaa cha PCI kilichokatika au ambacho bado kinareseti hurudisha biti zote zikiwa 1. Ukitafuta biti ya TAYARI peke yake, utaipata kwenye kifaa ambacho hakipo.

Kila kitanzi cha kuuliza kiwe na mwisho. `while (!(readl(...) & TAYARI));` bila kikomo itagandisha prosesa siku waya utakapolegea.

Kuhusu jinsi ya kuandika mwisho huo mwenyewe, mfano bora ni EEPROM (chipu ya kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika) ya I2C kama AT24C256. Baada ya kupokea ukurasa, inajifungia hadi milisekunde 5 na haitikii anwani yake. Draiva ya `at24` ndani ya kerneli inarudia kuita hadi ijibiwe, kwa kikomo cha milisekunde 25. Umbo lake ni hili:

```c
kikomo = jiffies + msecs_to_jiffies(25);
do {
        kabla = jiffies;              /* chukua saa KABLA ya kujaribu */
        ret = i2c_transfer(adap, ujumbe, 1);
        if (ret == 1)
                return 0;
        usleep_range(1000, 1500);
} while (time_before(kabla, kikomo));
return -ETIMEDOUT;
```

Tazama mahali saa inapochukuliwa. Kama ingelisomwa baada ya kulala, mashine yenye mzigo mkubwa ingeweza kukulaza milisekunde 40, ukaamka ukakuta kikomo kimepita, ukatangaza hitilafu ilhali chipu ilishamaliza zamani. Kwa mpangilio huu, usingizi ukirefuka hivyo, jaribio jingine linafanyika kabla ya kukata tamaa. Na linganisha daima kwa `time_before` na `time_after`, kamwe si kwa alama ya `<`, maana jifi hujaa na kurudi sifuri.

Pima pia gharama ya swali lenyewe. I2C ya kHz 100 inatumia mikrosekunde 90 kwa baiti moja pamoja na biti ya kukiri. Kusoma rejista moja ni baiti nne hivi, karibu mikrosekunde 360. Kuuliza kila mikrosekunde 10 kwenye basi hilo hakuna maana, kunajaza basi na kuwanyima vihisi vingine nafasi.

Hatua ya 6: Chipu ikiwa na waya wa kikatizo, utumie

Kwa kazi inayozidi milisekunde chache, lala kwenye `completion`, muundo wa kerneli wa kungojea taarifa ya kumaliza, na uache kikatizo kikuamshe:

```c
reinit_completion(&d->imekwisha);
writel(ANZA, d->msingi + REJ_AMRI);
if (!wait_for_completion_timeout(&d->imekwisha,
                                 msecs_to_jiffies(500))) {
        simamisha_kifaa(d);
        return -ETIMEDOUT;
}
```

`reinit_completion` ije kabla ya amri. Ikija baada, chipu yenye kasi inaweza kumaliza katikati, nawe ukafuta taarifa ya mwisho na kungoja hadi kikomo. Fungsheni hiyo inarudisha 0 muda ukiisha, na namba chanya ikifaulu. Ni kinyume cha desturi ya kerneli ya 0 kuwa heri, na wanaoikagua kwa `if (ret < 0)` hawatanasa hitilafu hata moja.

Usirudi tu muda ukiisha. Kifaa bado kinaweza kuwa kinaandika kwa DMA, yaani moja kwa moja kwenye kumbukumbu bila kupitia prosesa, kwenye bafa unayokaribia kuiachia. Kisimamishe kwanza, hakikisha kimesimama, ndipo uachie kumbukumbu.

Hatua ya 7: Pale kuchelewa kwako ndiko kosa

Kihisi cha joto cha DS18B20 ndicho mwalimu mzuri hapa. Kusoma biti moja, unavuta waya chini kwa angalau mikrosekunde 1, unauachia, kisha lazima uusome kabla ya mikrosekunde 15 tangu ulipoushusha. Kikatizo cha kadi ya mtandao kikiingia katikati, umesoma uongo. Ndiyo maana msimbo wa kerneli wa 1-Wire, basi la waya mmoja wa data linalotumiwa na kihisi hiki, unazima vikatizo, unashusha waya, unangoja mikrosekunde 6, unauachia, unangoja 9, unasoma, kisha unawasha vikatizo tena kabla ya kungoja 55 zilizobaki. Hizo 55 hazina haraka, hivyo haziko ndani ya eneo lililofungwa. Fuata mfano huo: funga vikatizo kwa ile sehemu isiyovumilia kuchelewa pekee.

Ikiwa bodi ni yako kuichora, ondoa kazi hii kwenye prosesa kabisa. Daraja la DS2482 linapokea amri kwa I2C na kutengeneza mapigo ya 1-Wire lenyewe. Kwa maoni yetu, hiyo ni pesa iliyotumika vizuri kuliko siku za kusaka biti zilizopotea.

Kihisi hichohicho kina upande mwingine: kupima kwa biti 12 kunachukua hadi milisekunde 750, na kwa biti 9 ni 93.75. Ukiwa na vihisi 16 na kungoja kila kimoja kwa zamu, zimekwenda sekunde 12. Tuma CCh kisha 44h ili vyote vianze pamoja, ngoja mara moja, ndipo usome kimoja kimoja. Ila kwanza hakikisha vina waya wa umeme wake. Vinavyojilisha kutoka waya wa data havitapata mkondo wa kutosha vikianza kwa pamoja bila kuongezewa nguvu.

Hatua ya 8: Umeme na reseti

Muda wa umeme kupanda si kazi ya draiva ya chipu yako. Uandike kwenye maelezo ya bodi, ndani ya devicetree: `startup-delay-us` kwa regyuleta isiyobadilika, `regulator-enable-ramp-delay` kwa nyinginezo. `regulator_enable` itangoja yenyewe. Ukiuweka kwenye draiva, kila bodi italipa muda wa bodi mbaya kuliko zote. Muda unaotoka kwenye karatasi ya chipu, mfano kutoka reseti hadi amri ya kwanza, huo ndio wa draiva. Kwa PCI Express usiguse nafasi ya usanidi kabla ya milisekunde 100 baada ya reseti ya kawaida.

Weka mfuatano wote kwenye fungsheni moja inayoitwa na `probe` na `resume`. Draiva zinazoamka vibaya baada ya kompyuta kulala mara nyingi zimesahau kurudia ucheleweshaji huo kwenye `resume`.

Kama `probe` inangoja mamia ya milisekunde, weka `PROBE_PREFER_ASYNCHRONOUS` kwenye draiva ili isicheleweshe uwashaji wa mfumo mzima. Kigezo cha `initcall_debug` kwenye mstari wa kuwashia kerneli kitakuonyesha nani anakula muda.

Hatua ya 9: Pima, kisha itese

Usipime kwa `printk`. Konsoli ya siriali ya 115200 inapitisha herufi 11,520 kwa sekunde, kwa hiyo mstari wa herufi 80 unaweza kula karibu milisekunde 7. Ndio huo unaoiponya draiva kimiujiza. Tumia `trace_printk`, inayoandika kwenye kumbukumbu tu, au `function_graph` ya ftrace, chombo cha kerneli cha kufuatilia fungsheni. Ukweli wa mwisho uko kwenye waya: unganisha osiloskopu au kichanganuzi cha mawimbi ya kidijitali kwenye pini ya reseti na ya data, ulinganishe na jedwali la hatua ya 1.

Halafu badilisha mazingira jambo moja kwa wakati. Jenga kerneli kwa `HZ=100`, kisha `HZ=1000`. Lazimisha prosesa ibaki kasi ya chini, kisha ya juu. Endesha `stress-ng`, programu ya kuitwika mashine mzigo, kwenye prosesa zote huku draiva ikifanya kazi. Jaribu na `PREEMPT_RT`, hali ya kerneli ya muda halisi iliyoingia kwenye kerneli kuu kwa toleo la 6.12 mwaka 2024, kwani humo spinloki za kawaida zenyewe hulala na mapengo ya muda hubadilika. Chomoa kifaa katikati ya kazi uone kama kila kikomo kinarudi salama.

Mwisho, ondoa moduli huku kazi iliyoahirishwa ikiwa bado njiani. Kama ulitumia `schedule_delayed_work`, `remove` lazima iite `cancel_delayed_work_sync` kabla ya kuzima umeme wa chipu na kabla ya kuachia muundo wa data. Pakia na kuondoa moduli kwenye kitanzi usiku kucha, `CONFIG_KASAN`, kikagua makosa ya kumbukumbu, ikiwa imewashwa. Kazi iliyosahaulika itajitaja yenyewe kwenye `dmesg`, na mstari wake utakuwepo.